Pikipiki ya Baba Haisikiki Tena

Hell-Ville, Nosy Be
14 Machi 1962

Kwa Djaffar, mdogo wangu wa pekee, huko Tanambao, Mahajanga.

Salamu zangu zikukute mzima, umeshiba, na umevaa nguo safi, ingawa hilo la tatu nalitilia shaka. Sisi Idi imetupita salama, alhamdulillahi. Mvua ilitunyeshea mpaka mlangoni mwa msikiti na kanzu mpya ya baba ikaloa kabla haijasifiwa na mtu. Nadjma mwanangu ameota meno ya mbele, anauma kila anayembeba isipokuwa babake. Baba hajambo. Macho yake ni yale yale ya siku zote. Anakusalimu.

Ramadhani nzima umetuandikia barua moja, na nusu yake ilikuwa habari za joto la Mahajanga. Joto tunalo hata huku, ndugu yangu.

Sasa nisikilize. Ekzosi ya pikipiki imekwisha. Sisemi imetoboka, nasema imekwisha. Bomba limeoza pale linapopinda chini ya injini, kwa sababu ya maji ya chumvi ya barabara ya Ambondrona, ambako Hassane mume wangu huenda kila siku kununua samaki wa kuleta sokoni. Amelifunga kwa kopo la sadini na waya. Kopo likipata moto linalegea, moshi unamrukia mguuni, na sasa ana kovu refu kwenye muundi. Sailensa nayo imebaki ganda tu, ingawa mpaka sasa bado inalia vile vile. Mwenyewe anasema kiraka kinashikwa na kiraka, bomba lilikwishaondoka zamani.

Wewe ndiye fundi wa ukoo huu. Tutafutie ekzosi nzima, kuanzia kwenye silinda mpaka mkiani, au utengeneze. Fanya upesi kama unaweza. Siwezi kukueleza kwa nini nina haraka, ila ninayo.

Nakuandikia kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu za chuoni, kama baba alivyotuzoesha kuandikiana. Hassane alisoma kwa Wafaransa tu, hizi kwake ni nyayo za kuku. Basi sema lolote ulilonalo moyoni.

Dada yako,
Kouraichia


Mahajanga, Tanambao
2 Mei 1962

Kwezi, dada, kama mdogo anavyopaswa kumwamkia mkubwa wake. Niitikie "mbona" huko uliko, hata kama umekasirika kwa kuchelewa kwangu.

Mimi mzima. Bibi Hasnati, mwenye nyumba yangu, aliugua homa lakini sasa ameinuka na kelele zake zimerudi. Mfaransa wetu wa gereji amefunga virago, ameuza kila kitu kwa Mikidache, yule mtu wa Ngazidja niliyekutajia, na Mikidache amenifanya mkubwa wa mafundi. Nguo zangu ni safi siku ya Ijumaa. Nimefurahi kusikia kwamba baba hajambo.

Barua yako nilitembea nayo mfukoni kwa wiki nyingi. Umeniambia niseme lolote, basi nasema. Nilipoisoma nilicheka kwanza, halafu nikakasirika mpaka spana ikaniponyoka. Pikipiki ya baba inabeba samaki? Pikipiki ambayo baba aliendea mashamba ya langilangi, akirudi ananukia maua mpaka watu wanageuka, leo ina kikapu cha nguru nyuma?

Mila zetu nazijua, usinifundishe. Nyumba ya mama ni ya binti. Mume anaingia kwa mkewe, na ndugu wa kiume anatoka na mkeka wake. Nilitoka na mkeka wangu siku ya harusi yako na sikusema neno. Lakini pikipiki haikuwa ukuta wala paa. Baba alisimama mbele ya watu, akavua miwani yake ya vumbi, akamvalisha huyo mumeo, akamwambia: "Chombo hiki ni cha nyumba hii." Mimi nilikuwa nimebeba sinia la wali. Nililipeleka kwa wageni, nikatabasamu, na wiki iliyofuata nikapanda meli. Naona wivu, dada. Nimeona wivu miaka minne, na sioni haya kuuandika.

Na sauti? Ile sauti nani aliifanya? Sailensa ilipoziba masizi, ni mimi niliyeishika kwa mikono miwili wakati baba akikata vyuma vya ndani kwa msumeno. Tulikata, tukawasha, tukasikiliza, tukakata tena kidogo, mpaka ikatoa yale mapigo mawili mazito, kisha kama inameza mate, kisha la tatu. Hakukuwa na pikipiki nyingine kisiwani iliyolia hivyo. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisikia sauti ile kwenye kona ya soko anapakua wali. Baba alikuwa akifika, sinia liko chini. Leo huyo bwana anapita na sauti yetu sisi wawili na kopo la sadini.

Ekzosi ya pikipiki ya zamani namna ile haipatikani hapa mjini, itabidi niitengeneze. Nahitaji umbo la bomba na vipimo. Sikuahidi kwamba nitafanya upesi.

Ndugu yako,
Djaffar


Hell-Ville
3 Julai 1962

Mbona, Djaffar. Nimekuitikia, ingawa nilitaka kwanza kukuzaba kofi.

Huku watu walisherehekea sikukuu ya uhuru, bendera kila duka, ngoma mpaka bandarini. Nadjma alimezea mate peremende ya mtoto wa watu mpaka akapewa. Mimi sikwenda, nilikuwa na nguo za kufua. Nguo za kufua hapa haziishi. Baba hajambo, anakula kidogo, anakunywa maji ya ukoko, yale yanayochemshwa kwenye ukoko wa wali, kwa wingi. Anakutaja.

Unalia kwamba samaki wamepanda pikipiki. Samaki hao ndio wanaotulisha, pamoja na huyo baba yako. Hassane ana jina, na jina lake halina miiba, ungeweza kuliandika. Uliondoka na mkeka, ndiyo, lakini kuna kitu ulichoondoka nacho ambacho mimi niliyebaki sijapewa mpaka leo. Wewe una wivu wa chuma. Na mimi ninao wangu, na wangu nikiufungua utakukosesha usingizi. Basi tuuache umefungwa.

Msaidié, mpishi wa ile meli ya pwani, atakuletea waya. Usiutupe ukidhani ni takataka. Hassane aliushika kwenye silinda na mimi nikaukunja juu ya bomba, mkunjo kwa mkunjo, mpaka nyuma. Mahali pa nati nimefunga uzi mwekundu. Mahali pa kuunganisha sailensa nimefunga uzi mweupe. Unene wa bomba ni wa kitanzi hiki cha kamba nilichokiweka pamoja, kinalikaa bomba barabara.

Nakuomba jambo moja tu, na naomba kwa jina la mama. Sauti iwe ile ile. Bomba likiwa baya kwa sura, sijali. Likiwa na doa, sijali. Ila ilie kama ilivyolia zamani, kama mlivyoikata wewe na baba. Hassane naye anaomba hivyo hivyo, amenisisitizia mara nyingi. Usiniulize kwa nini.

Dada yako,
Kouraichia


Mahajanga
21 Agosti 1962

Kwezi, dada.

Tumemaliza Maulidi hapa Tanambao kwa usalama. Bibi Hasnati aliniposea mpwa wake mbele ya watu na mimi nikajifanya sisikii kwa sababu ya dufu. Afya yangu nzuri. Natumaini baba na Nadjma pia.

Msaidié alileta waya wako. Nakusifu, dada, hata fundi asingeukunja vizuri zaidi. Nilijaza bomba mchanga mkavu, nikaziba ncha zote mbili, nikalichoma mpaka likawa jekundu, nikalikunja polepole juu ya waya wako. Halikubonyea hata mahali pamoja. Nilipomaliza nilikaa kulitazama, na nilitamani baba alione.

Sailensa nimeitoa kwenye pikipiki nyingine iliyokufa, nikaipunguza mkia. Sasa kuhusu sauti. Nimefikiri sana. Uliniomba kwa jina la mama, na hilo liliniuma, maana mama alikuwa wangu pia. Lakini ulipoandika kwamba huyo mumeo anaomba na kusisitiza, nilielewa kila kitu. Anataka kupita sokoni na sauti ya baba, watu wageuke, wanawake wachungulie, mtu aseme "ndiye huyo". Amepata nyumba, amepata miwani, anakaa kwenye kiti cha baba, na bado anataka tumtengenezee na sauti! Hapana, dada. Vyuma vya ndani nimevitia vyote, na nimeongeza viwili. Halafu nimeilehemu pande zote, hakuna boliti, hakuna mahali pa kuingiza hata bisibisi. Akitaka kuichokoa atashindwa. Ataingia mjini kama mtu mwenye adabu na paka hataamka barazani. Niliijaribu kwenye pikipiki ya Mikidache, inapumua tu.

Namna ya kuifunga. Zile nati kwenye silinda zimwagiwe mafuta ya dizeli na kuachwa mpaka kesho yake. Asizilazimishe, boliti ikikatikia ndani ya silinda hiyo ni balaa nyingine. Pete ya shaba ya zamani itakuwa imegandamana ndani, aichokoe yote kabla ya kutia hii mpya. Afunge kila kitu kwa vidole kwanza, bomba, sailensa na mkanda wa kuishika kwenye fremu. Vikikaa vyenyewe bila kusukumwa, ndipo akaze kwa spana, kuanzia kwenye silinda kurudi nyuma. Likishapata moto na kupoa, akaze tena.

Mzigo unakuja kwa lori mpaka Antsahampano, kutoka hapo boti italeta. Sitaki ahsante yake.

Ndugu yako,
Djaffar


Hell-Ville
9 Oktoba 1962

Djaffar,

Tuko hai. Nadjma yuko hai. Salamu nyingine leo sina.

Mzigo wako ulilala Antsahampano mpaka gunia likaota ukungu, kisha ukafika. Hassane alifuata maneno yako neno kwa neno, mimi nikimsomea. Alichokoa pete ya shaba kwa msumari mpaka vidole vikatoka damu. Bomba la zamani lilivunjika vipande mikononi mwake, tukalizika pamoja na takataka. Jipya lilikaa mahali pake kama lilizaliwa hapo. Aliwasha, na sikusikia kitu. Nilidhani injini imezimika.

Sasa nitakufungulia kile nilichokifunga.

Baba haoni. Haoni kabisa tangu mwaka jana. Na akili yake inakuja na kuondoka, mara nyingi imeondoka. Sikukuandikia, na nitakuambia kwa nini. Kila alasiri, Hassane akirudi kutoka Ambondrona, pikipiki ikilia kwenye kona ya soko, baba alikuwa anainuka kitandani mwenyewe, anapapasa kofia yake, anasema: "Djaffar huyo! Pakueni." Mchana kutwa hagusi chakula. Sauti ile ikilia, anakula.

Siku ya kwanza Hassane aliingia akasema, "Baba, ni mimi Hassane," na baba akaweka tonge chini, akalia kama mtoto. Tangu siku ile Hassane hasemi. Anaingia kimya, na mikono yake inayonuka petroli kama ya fundi, anakaa kwenye mkeka, anampa baba mkono. Baba anakipapasa kidole cha mwisho cha Hassane, kile kilichopinda, anatulia, anakula. Mume wangu amekuwa wewe kila alasiri kwa zaidi ya mwaka, Djaffar. Hajawahi kulalamika. Ndiyo sababu aliomba ile sauti.

Na mimi? Mimi ninayemwosha, ninayemgeuza, ninayefua mashuka yake, ananiita "mama mfuaji". Ananishukuru kwa heshima, ananiuliza kama nina watoto. Sijasikia jina langu kinywani mwake tangu Ramadhani ya mwaka jana. Jina lako nalisikia kila siku. Nilikuonea wivu kila nikishika kalamu. Nilisema moyoni, ana jina na ana sauti, na habari pia nimpe? Nikakunyima.

Sasa sauti hakuna. Pikipiki inafika mlangoni na baba hana habari. Hassane akimpa mkono, baba anashtuka, anauvuta wake, maana mtu hawezi kutokea hewani. Hassane alitoa sailensa nzima, akaiwasha hivyo hivyo. Ilinguruma kama lori, Nadjma akalia, na baba akauliza, "Nani mwendawazimu huyo anapita?" Kuikata hatuwezi, umeiziba vizuri mno, hongera. Tunamlisha maji ya ukoko kwa kijiko. Anauliza, "Djaffar amechelewa wapi?" Hali chakula sasa, Djaffar. Amekonda.

Ulikusudia kumnyamazisha Hassane. Uliyemnyamazisha ni wewe.

Kouraichia


Mahajanga
26 Oktoba 1962

Dada,

Nimeisoma barua yako gerejini nimesimama, na Mikidache alinishika bega akidhani kuna msiba.

Kosa ni langu. Lakini nitakuambia ukweli hata kama utanichukia. Nilipofika pale ulipoandika habari ya mkono, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa wivu. Hata mkono wangu ameuchukua! Ndipo baadaye nikalia.

Msiiguse sailensa. Nakuja na msumeno wangu. Naijua sauti ile kuliko ninavyojua sura yangu. Nitaipiga mwenyewe kutoka kwenye kona ya soko, nitaingia mwenyewe, na baba atakula kwa mkono wangu halisi. Usimpe mtu mwingine kazi hiyo.

Djaffar


Hell-Ville
2 Desemba 1962

Kwa Djaffar, mdogo wangu.

Natumaini ulifika salama. Uliondoka bila kuaga, ukanywa chai nusu kikombe, na Nadjma bado anakuita "mjomba" mlangoni, na wewe hupo. Huyu ndiye mtoto anayekuhitaji zaidi. Bila mjomba wake nani atakaa mbele siku ya harusi yake?

Najua kilichokuuma, nilikuwepo. Lakini yako mambo hukuyaona, na ninataka uyajue.

Siku ile mlipokaa nyuma ya nyumba, wewe ukikata na Hassane akiishika sailensa kwa mikono miwili, hamkusemezana. Niliwapitia mara nyingi nikijifanya naanika nguo. Mlikata, mkawasha, mkasikiliza, mkakata tena. Ilipotoa yale mapigo mawili na kumeza mate, nyote wawili mliinua vichwa kwa pamoja, kama watoto wa mama mmoja. Nilicheka peke yangu nyuma ya shuka. Nilidhani mambo yamekwisha.

Ukapanda, ukaenda mpaka kwenye kona, ukarudi. Baba alikuwa amelala. Aliinuka, Djaffar. Alitafuta kofia. "Djaffar huyo! Pakueni!" Uso wake uliuona ulipoingia, ulikuwa umewaka. Ukapiga magoti, ukampa mkono. Akaupapasa, akafika kwenye kidole cha mwisho, akakipapasa tena na tena, na kilikuwa kimenyooka. Ukasema, "Baba, ni mimi." Akakurudishia mkono wako taratibu, kwa adabu yake ile, akakuambia, "Karibu, mgeni. Djaffar bado hajaingia?"

Wewe ulitoka hapo. Hukumwona Hassane. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, ameficha mikono kwapani kama mtu aliyeiba. Hakutaka kuingia. Aliniambia, "Siwezi, mwenyewe yuko hapa." Nikamwambia mzee ana njaa. Basi akaenda nyuma ya nyumba, akaiwasha, akazunguka mpaka kwenye kona, akarudi, akaingia kimya na kumpa mkono. Baba akala. Alikula sinia zima, akaomba samaki wa pili.

Alipokuwa anakula alimwambia Hassane, yaani alikuambia wewe: "Djaffar, leo kuna mtu alikuja hapa. Kijana ana mikono ya fundi hasa, nimeisikia. Mtu wa namna hiyo usimwache akaenda zake. Mkaribishe, mtafutie kazi."

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza. Kwangu mimi hakusema kitu. Aliniambia tu, "Ahsante, mama mfuaji." Sisi watatu tumekaa tunaoneana wivu kwa sababu ya mzee mmoja asiyemwona yeyote kati yetu. Ukipenda kucheka, cheka, mimi nilicheka jana nikiwa na sabuni mpaka viwikoni, halafu nikakaa chini kidogo.

Sasa anakula kila siku.

Dada yako,
Kouraichia


Mahajanga, Tanambao
30 Desemba 1962

Kwezi, dada. Kwezi mara mbili, moja ya leo na moja ya siku niliyoondoka bila kuaga.

Mimi mzima. Mvua zimeanza, barabara ya kwenda kaskazini imekatika, kwa hiyo barua hii itapitia kwa Msaidié. Bibi Hasnati amenichokoza tena habari ya mpwa wake na safari hii sikujifanya kiziwi. Anaitwa Zaharia. Nitakueleza nikija. Namtumia Nadjma kengele ya baiskeli, aichezee, ila aifiche baba anapolala.

Wivu wangu haujaisha. Nilidhani ukiandikwa unapungua, lakini huu umekaa. Boti ilipokuwa inaniondoa nilisikia pikipiki ikilia juu mjini, yale mapigo mawili na la tatu, na nilijua ni nani anayeingia, na nani anainuka. Nilikaa kwenye mizigo ya watu nikaona haya, maana sauti niliyokuja kuirudisha ilikuwa inamwita mtu mwingine. Lakini baba alikuwa anakula. Nilijiambia hivyo njia nzima, na sehemu nyingine za njia niliamini.

Wewe, dada, usikubali kuitwa mama mfuaji bila kujibu. Kila akikushukuru, mwambie jina lako. Hata asipolishika. Mimi nakuandikia hapa, Kouraichia, Kouraichia, ulisome mara nyingi utakavyo.

Nitakuja Idi, inshallah. Nitaingia kwa miguu na kubisha hodi kama mgeni. Baba amesema nikaribishwe, na ikiwa kuna kazi ya fundi hapo nyumbani nitaifanya mbele yake, aisikie.

Sasa haya yanayofuata msomee Hassane, polepole.

Hassane, sailensa ile itaziba masizi, kama ilivyoziba wakati wa baba. Ukisikia pigo la tatu linafifia, usingoje. Nimekuachia mlango mdogo nyuma ya sailensa, una boliti mbili, utaufungua kwa spana ndogo. Choma masizi kwa moto, gonga kwa ubao, si kwa nyundo. Vyuma vya ndani usivikate zaidi, viko sawasawa. Nati za kwenye silinda zikaze kila Ijumaa. Bomba lifute maji ya chumvi ukitoka Ambondrona kabla halijapoa. Miwani ya vumbi ilikuwa imelegea mpira, nimekutumia mwingine.

Na mikono usiinawe kabla ya kuingia kwa baba.

Ndugu yenu,
Djaffar